KIPIMO KWANZA, MTU BAADAYE
Jinsi gesi na mvuke wa mafuta unavyovuja, unavyogunduliwa na unavyopimwa



Mara nyingi katika kurasa hizi tunaeleza habari za mishahara, likizo na mikataba ya hiari. Safari hii tunaeleza jambo lisiloonekana kwa macho, lakini linaloweza kumaliza mshahara, likizo na mkataba kwa dakika moja. Jambo lenyewe ni kuvuja kwa gesi na mvuke wa mafuta mahali pa kazi.

Tumeichukua Bandari ya Juba, katika Sudan Kusini, kuwa mfano wetu. Si kwa sababu ni bandari kubwa, bali kwa sababu kazi ya mafuta mahali kama pale hufanywa zaidi kwa mikono ya watu kuliko kwa mitambo. Mahali pa namna hiyo, mfanyakazi asiyejua namna gesi inavyopimwa huwa yeye mwenyewe ndiye kipimo. Akianguka, ndipo wengine wajue kwamba kuna gesi.

BANDARI ISIYO NA BAHARI

Bandari ya Juba haiko baharini. Iko ukingoni mwa Nile Nyeupe, ambayo katika sehemu hizo huitwa Bahr el Jebel. Kusini ya Juba mto una maporomoko, na tishali haziwezi kupanda kwenda Nimule. Kaskazini njia ya maji huelekea Bor, Malakal hadi Renk. Kwa miji ya kaskazini ambayo barabara zake huzama wakati wa mvua, tishali ndiyo lori.

Nchi hiyo huchimba mafuta ghafi katika visima vya Upper Nile na Unity, na mabomba ya mafuta hayo yalijengwa kuelekea kaskazini hadi Port Sudan, kwenye Bahari ya Shamu. Lakini petroli na dizeli zinazochomwa Juba kwa sehemu kubwa hutoka upande wa pili kabisa: zinashushwa Mombasa, zinapita Kenya na Uganda, zinavuka mpaka Elegu na Nimule, kisha zinapanda barabara ya lami ya kilomita 192 iliyokamilika mwaka 2012. Madereva na mataniboi wa malori hayo wengi ni wenzetu wasemao Kiswahili.

Sasa tuhesabu. Mafuta hutoka kwenye meli kuingia kwenye tangi la Mombasa. Kutoka tangi huingia kwenye bomba, na kutoka bomba huingia kwenye bohari ya bara. Kutoka bohari huingia kwenye lori. Lori hufika Juba na kumimina kwenye tangi jingine. Kutoka hapo mengine huingia kwenye mapipa, mengine kwenye tishali. Tishali hufika chini ya mto na kumimina tena. Ni mimimino sita au saba, na kila mmimino ni mlango wa mvuke kutoka.

Wengi hudhani kuvuja ni bomba lililopasuka tu. Sivyo. Lori la lita 36,000 likimiminwa kwenye tangi, hewa iliyokuwamo ndani ya tangi lazima iondoke ili kuyapisha mafuta. Hiyo ni hewa ya kiasi cha lita 36,000, iliyojaa mvuke, na kama hakuna mpira wa kuirudisha ndani ya lori, hutokea kwenye tundu la tangi na kushuka alipo mfanyakazi. Hakuna kilichoharibika na hakuna aliyekosea kufunga vali, lakini gesi iko pale.

TABIA ZA ADUI

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba mafuta ya maji hayaungui. Kinachoungua ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo katika nchi zetu petroli ni hatari usiku na mchana. Dizeli huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50. Mafuta ya taa na mafuta ya ndege yako katikati: huanza kutoa mvuke wa kushika moto kwenye nyuzi 38 hivi. Mahali penye baridi watu huyaona ni mafuta mapole. Juba jua la mchana hupasha sitaha ya chuma kupita nyuzi hizo, na upole wote huisha.

Jambo la pili ni uzito. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa. Haupandi angani, hutambaa kama maji na kutafuta bonde. Huingia kwenye mfereji, kwenye shimo la vali na kwenye sakafu ya chini ya tishali. Gesi ya kupikia ya mitungi nayo ni nzito kuliko hewa. Gesi asilia, kama ile ya Songo Songo na Mnazi Bay nchini Tanzania, ni nyepesi. Hupanda na kujikusanya chini ya paa. Kwa hiyo anayepima petroli kwa kuinua mita kichwani hupima bure, na anayepima gesi asilia kwa kuinama vivyo hivyo.

Tarehe 12 Septemba 2011, katika eneo la viwanda la Lunga Lunga mjini Nairobi, petroli ilivuja kutoka kwenye mitambo ya bomba la mafuta ikaingia kwenye mfereji wa maji ya mvua. Mfereji ukaipeleka hadi kwenye makazi ya mabanda ya Sinai. Mvuke ukawaka. Watu kiasi cha mia moja walikufa, na wengi wao hawakuwa wafanyakazi wa mafuta wala hawakuwa karibu na mtambo wenyewe. Mafuta yaliwafuata nyumbani kwa njia ya mfereji.

Jambo la tatu ni kwamba chombo kitupu ni hatari kuliko kilichojaa. Tangi lililojaa petroli lina nafasi ndogo ya mvuke. Tangi lililomwagwa likabaki na ubapa wa petroli chini lina nafasi kubwa, mvuke mwingi na hewa ya kutosha. Lita moja tu ya petroli ikigeuka yote kuwa mvuke hutoa kiasi cha lita 200 za mvuke, na mvuke huo ukichanganyika na hewa unaweza kujaza chumba cha zaidi ya mita kumi za ujazo kwa mchanganyiko wa kulipuka. Ndiyo maana fundi anayetia moto wa kuchomelea kwenye pipa "tupu" hufa, na aliyesimama kando ya pipa lililojaa husalimika.

PUA SI CHOMBO CHA KUPIMIA

Mnyapara mzee husema: "Mimi nikinusa najua." Tunamheshimu mzee, lakini katika jambo hili hatumfuati.

Kwanza, gesi asilia safi haina harufu. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas, Marekani, gesi isiyo na harufu ilivuja chini ya shule na kulipuka. Karibu watoto na walimu 300 walikufa. Baada ya msiba huo sheria ilitaka gesi itiwe dawa ya kunuka. Harufu unayoisikia leo kwenye mtungi wa jikoni imetiwa makusudi, si ya gesi yenyewe.

Pili, iko gesi inayoua pua kabla ya kumwua mtu. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, gesi ya yai viza, inayopatikana katika baadhi ya mafuta ghafi, katika mashimo ya maji machafu na katika mitambo ya gesi ya kinyesi na mabaki ya mimea. Ikiwa kidogo sana, chini hata ya sehemu moja katika sehemu milioni za hewa, pua huisikia. Ikifika sehemu 100 katika milioni, pua hufa ganzi kwa dakika chache, na mfanyakazi hudhani harufu imeondoka. Ikizidi 500 mtu huanguka. Ndugu zetu wa mashamba ya mkonge wasione jambo hili ni la watu wa mafuta tu. Huko Hale, Tanga, mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kutengeneza gesi kutokana na mabaki ya mkonge, na shimo lolote la mabaki yanayooza, liwe la mkonge, la kahawa au la miwa, hutoa gesi hizo hizo.

Tatu, upungufu wa oksijeni hauna harufu yoyote. Chumba cha tishali kilichofungwa miezi mingi hakina mafuta wala gesi ya sumu, kina kutu tu. Lakini chuma kinapopata kutu hula oksijeni ya hewa. Kibarua anafungua mfuniko, haoni kitu, hanusi kitu, anashuka ngazi, anaanguka. Mwenzake anashuka kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Katika kazi za matangi na mashimo, waokoaji wasio na vifaa hufa mara nyingi sawa na wale waliokwenda kuwaokoa.

MITA INASEMA NINI

Wachimba makaa wa Uingereza walitumia taa ya Humphry Davy tangu mwaka 1815: mwali wake ulibadilika palipokuwa na gesi. Baadaye walibeba ndege mdogo aina ya kanari, aliyelewa na gesi kabla ya mtu. Mita ya umeme ya kupima gesi inayolipuka ilitengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 na Oliver Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya California. Makusudi yake yalikuwa yale yale tunayozungumza leo: kujua kama tangi la mafuta ni salama kabla mtu hajaingia.

Mita nyingi za mkononi za siku hizi hupima mambo manne kwa pamoja: oksijeni, gesi inayolipuka, haidrojeni salfaidi, na kaboni monoksaidi, yaani ile gesi ya moshi wa injini na jiko la makaa. Mfanyakazi hana haja ya kuwa mhandisi ili aisome. Anatakiwa kujua mambo machache tu.

Oksijeni. Hewa ya kawaida ina asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5, mtu haingii. Oksijeni husomwa kwanza, na sababu yake tutaieleza sasa hivi.

Gesi inayolipuka. Gesi haiwaki kwa kiasi chochote. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na asilimia 7.6 hivi ya hewa. Chini ya mpaka wa kwanza ni kidogo mno. Juu ya mpaka wa pili ni mwingi mno na hewa haitoshi. Kwa gesi asilia mipaka ni asilimia 5 na 15. Sasa, mita haikuambii asilimia ya gesi katika hewa. Inakuambia umefika sehemu gani ya safari ya kwenda kwenye mpaka wa chini. Mita ikisoma 100, maana yake si kwamba chumba chote ni gesi. Maana yake umefika mahali pa kulipuka. Ikisoma 50, uko nusu ya njia. Mita nyingi hupangwa kupiga kengele ya kwanza ikifika 10 au 20. Ikipiga, watu hutoka, hawabaki kujadili.

Hapa pana mtego ambao wafanyakazi wengi hawaambiwi. Asilimia 10 ya mpaka wa petroli ni sehemu 1,400 katika milioni. Kwa kulipuka bado iko mbali. Lakini kwa kupumua, kiwango kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya ya kazi kwa petroli ni sehemu 300 katika milioni kwa siku ya saa nane. Kwa hiyo mita inaweza kukaa kimya kwa habari ya moto huku mtu akipumua zaidi ya mara nne ya kinachokubaliwa, pamoja na benzini iliyomo ndani ya petroli, ambayo huharibu damu na kuleta saratani. Kimya cha kengele si cheti cha afya.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Mita ya aina ya kawaida huchoma gesi kidogo ndani yake kwenye punje yenye joto, na kupima joto linaloongezeka. Ili ichome inahitaji oksijeni. Ukiiteremsha kwenye tangi lililojaa mvuke mzito kabisa, hesabu hupanda haraka, halafu huporomoka kuelekea sifuri, kwa sababu hakuna hewa ya kuchomea. Asiyejua atasema, "Sifuri, shukeni!" Kumbe tangi limejaa. Ndiyo sababu oksijeni husomwa kwanza, na ndiyo sababu mpimaji huangalia mita wakati wote inaposhuka, si mwisho tu.

Mtego wa tatu ni mita yenyewe. Mvuke wa dawa zenye silikoni na risasi huua ile punje. Mita huwaka taa, huonyesha sifuri, lakini haisikii kitu. Tena mita iliyorekebishwa kwa gesi asilia husoma pungufu inapopima mvuke wa petroli. Kwa hiyo kila siku kabla ya kazi mita hujaribiwa kwa gesi ya kopo ambayo kiasi chake kinajulikana. Isipopiga kengele hapo, haiendi kazini. Mita isiyojaribiwa ni pambo la mkanda.

KUGUNDUA NI JAMBO MOJA, KUPIMA NI JINGINE

Yako maswali matatu, nayo huchanganywa mara nyingi. Je, panavuja? Panavuja kiasi gani? Na je, mtu aliyesimama pale yuko salama? Kila swali lina chombo chake.

Kujua kama panavuja, njia ya zamani bado ni nzuri: maji ya sabuni. Paka kwenye kiungo cha bomba, kwenye flanji au shingo ya vali. Povu likivimba, gesi ya mgandamizo inatoka. Ni njia rahisi inayoweza kutumika Juba na kokote. Kwenye mitambo mikubwa hutumika kamera ya pekee inayoona gesi kama moshi mweusi hata kama macho hayaoni kitu, na miali ya leza inayopita juu ya uwanja. Kwenye mabomba marefu hulinganishwa kilichoingia na kilichotoka.

Kujua panavuja kiasi gani, hesabu inahitajika. Kwenye tangi, fimbo ya kupimia huteremshwa jioni na asubuhi, na tofauti huandikwa. Kwa mafuta yanayodondoka, hata saa ya mkononi inatosha. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Tukichukua matone 20 kuwa mililita moja, hayo ni zaidi ya lita 4 kwa siku, na kiasi cha lita 130 kwa mwezi. Mnyapara anayesema "ni tone tu" aonyeshwe hesabu hiyo. Kwenye kiungo kinachovuja gesi, mafundi hukifunika kwa mfuko na kupima muda unaochukua kujaa. Na siku hizi hata angani wanapima: chombo cha Ulaya kiitwacho Sentinel-5P, kilichorushwa mwaka 2017, huona mawingu makubwa ya gesi ya methani yanayotoka kwenye visima na mabomba duniani. Serikali na makampuni yanajali jambo hilo kwa sababu methani, kwa kipindi cha miaka 20, hupasha dunia joto kiasi cha mara 80 kuliko hewa ukaa.

Hayo ni mema. Lakini tuwe macho, ndugu. Mwenye mali hupima lita zilizopotea. Mtazamaji wa hali ya hewa hupima tani zilizopanda angani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepima hewa iliyo mbele ya pua ya mfanyakazi. Kuvuja kudogo kusikoonekana katika vitabu vya kampuni, kukiwa ndani ya tumbo la tishali, kunatosha kuua watu watatu. Na kuvuja kukubwa uwanjani penye upepo kunaweza kusimdhuru mtu. Kwa hiyo mwajiri akisema, "Hasara yetu ni ndogo," jibu letu ni hili: hilo ni jibu la swali la pili, sisi tumeuliza la tatu.

VITA HUPOTEA KWENYE KARATASI

Misiba mikubwa ya mafuta haikutokea kwa kukosa vyombo. Tarehe 6 Julai 1988, kwenye mtambo wa Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pampu moja ilikuwa imeondolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo, na mahali pake pakafunikwa kwa kifuniko kisichokazwa sawasawa. Habari hiyo ilikuwa kwenye kibali cha kazi, lakini haikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Wakaiwasha pampu. Gesi ikavuja, kengele zikalia, na watu 167 wakafa.

Tarehe 11 Desemba 2005, kwenye bohari ya Buncefield karibu na London, kipimo cha kujaa kwa tangi kilikwama na swichi ya pili ya kuzuia haikufanya kazi. Petroli ikafurika usiku, mvuke ukatanda kama ukungu, ukalipuka alfajiri. Watu 43 walijeruhiwa. Hakufa mtu kwa kuwa ilikuwa Jumapili mapema. Huko walikuwa na vipimo viwili na vyote viwili viliwaangusha. Je, mahali ambapo kipimo ni fimbo moja na mtu mmoja mwenye usingizi?

Na hapa kwetu tumezika wengi. Sachangwan, Kenya, Januari 2009. Sange, mashariki ya Kongo, Julai 2010. Maridi, Sudan Kusini, Septemba 2015. Morogoro, Tanzania, Agosti 2019. Kila mahali lori la mafuta lilianguka, watu wakakusanyika, mvuke ukapata cheche, na waliokufa walihesabiwa kwa mia na zaidi. Tusikubali wale wanaowaita marehemu hao wezi na kufunga kitabu. Mtu anayehatarisha maisha kwa ndoo ya petroli anasukumwa na ufukara, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba anakanyaga mvuke asiouona. Dereva na taniboi wanaojua tabia ya mvuke ndio pekee wanaoweza kuwaambia watu warudi nyuma, upande unakotoka upepo, na kuzima kila moto, injini na simu.

HAKI ZETU NA MADAI YETU

Mwajiri hafanyi hisani anaponunua mita. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi yenye hatari ya karibu kwa maisha yake. Mwaka 2022 shirika hilo liliamua kwamba usalama na afya kazini ni miongoni mwa haki za msingi zinazowahusu wanachama wote, nayo Sudan Kusini ni mwanachama tangu mwaka 2012. Nchi hiyo ina Sheria ya Kazi ya mwaka 2017. Tanzania ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003, Uganda ya 2006 na Kenya ya 2007.

Lakini sheria haishuki ngazi ya tangi. Kibarua anayelipwa kwa siku akikataa kushuka, kesho huitwa mwingine. Kwa hiyo kukataa kwa mtu mmoja ni kufukuzwa, na kukataa kwa wote ni kanuni. Tunashauri kila tawi, liwe la bandari, la kiwanda au la shamba, lilete mambo haya kwenye mkutano na kuyadai kwa maandishi:

1. Pasiwe na mtu anayeingia katika tangi, shimo au chumba cha tishali kabla ya kupimwa juu, katikati na chini: oksijeni kwanza, gesi inayolipuka pili, sumu tatu.

2. Hesabu za mita ziandikwe kwenye kibali pamoja na saa na jina la mpimaji, na mfanyakazi anayeingia aonyeshwe. Zamu inayotoka iikabidhi zamu inayoingia karatasi hiyo, si maneno.

3. Mita ibaki ikifanya kazi muda wote mtu akiwa ndani. Hewa ya saa mbili si hewa ya saa sita, hasa jua linapopasha chuma.

4. Mita ijaribiwe kila siku, na daftari la majaribio liwe wazi kwa kamati ya wafanyakazi.

5. Awepo mlinzi nje ya mlango wa tangi asiye na kazi nyingine, mwenye kamba na njia ya kuita msaada, na mwenye amri ya kutoingia ndani kuokoa bila kifaa cha kupumulia.

6. Wakati wa kumimina, lori na tangi ziunganishwe kwa waya wa kuondoa umeme unaojikusanya, injini zizimwe, na jiko la mama lishe lihamishwe mbali, upande unakotoka upepo. Mama lishe naye ni mfanyakazi, aelezwe, asifukuzwe.

7. Vibarua wafundishwe sawa na waajiriwa wa kudumu, kwa lugha wanayoielewa. Katika bandari kama Juba, hiyo ina maana ya Kiarabu cha Juba na Kiswahili, si kibao cha Kiingereza peke yake.

Mahali pasipo na mita, jambo ni moja tu: hapaingiwi. Tangi lifunguliwe, lipigwe upepo, lioshwe kutoka nje, na mita iazimwe au inunuliwe. Mwajiri atasema mita ni ghali. Tumwombe aweke kwenye mizani moja bei ya mita, na kwenye nyingine bei ya tishali, ya mafuta yaliyomo, na ya watu wawili walioacha watoto. Ahesabu mwenyewe.

Tunawaomba wenzetu waisome makala hii kwa sauti kwenye mikutano ya matawi, kwa ajili ya wale wasiosoma, na kila mmoja aondoke na maneno manne ya kumwambia mnyapara siku atakapoambiwa ashuke: kipimo kwanza, mtu baadaye.